Spika za mezani katika chumba cha futi kumi kwa kumi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mtwara

Bi. H. si jina lake. Mtaa, chama anachofanyia kazi na maduka yaliyohusika nimeviondoa. Vipimo vya chumba na mfuatano wa mambo nimeviacha vilivyokuwa, kwa sababu ndivyo vyenye funzo kwa yeyote anayetaka spika nzuri za kusikilizia muziki akiwa mezani.

Mhusika, chumba na muziki wake

Bi. H. ni mtunza hesabu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho mkoani Mtwara. Minada ikianza, mwezi wa kumi hivi, kazi humfuata nyumbani: stakabadhi za ghalani, makato, orodha za malipo. Hukaa mezani mpaka usiku mkubwa, na muziki ndio unaomshikilia kitini. Anapenda dansi la zamani, lile la bendi za Dar es Salaam na Morogoro za miaka ya 1960 na 1970, taarabu, na kwaya siku ya Jumapili. Faili zote ziko kwenye kompyuta mpakato.

Chumba anachofanyia kazi kimo katika nyumba ya kupanga mjini Mtwara. Ni futi 10 kwa 10, yaani kama mita 3.05 kila upande. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu na rangi ya mafuta, sakafu ni vigae, dari ni jipsamu. Ukipiga kofi moja unasikia mlio wake ukirudi. Meza yake ya sentimita 120 kwa 60 ilikuwa imesukumwa kwenye kona ili nafasi ibaki ya kabati la mafaili. Ukuta wa kulia anachangia na jirani, bibi mtu mzima anayelala mapema.

Naeleza chumba kwa urefu hivi kwa sababu ndicho kilichokuwa kiini cha tatizo, na muda mrefu hakuna aliyekitazama.

Ununuzi wa kwanza

Bi. H. alipotaka kuachana na spika za ndani ya kompyuta alimuuliza mdogo wake wa kiume, na jibu likawa lile ambalo karibu kila mtu Tanzania angempa: nunua sabufa. Wakaenda duka la mjini, wakachagua seti yenye boksi kubwa moja la besi na spika ndogo mbili, kwa laki mbili na nusu. Karatasi ya kwenye boksi ilitaja wati 8,000 za PMPO. Dukani ilipigwa kwa sauti ya juu mlango ukiwa wazi kuelekea barabarani, na kweli ilivuma vizuri.

Nyumbani boksi la besi liliwekwa chini ya meza, pale pale konani. Usiku wa kwanza alifurahi. Baadaye akaanza kuchoka. Aliponiita maneno yake yalikuwa haya: "Fundi, nasikia besi na nasikia kelele. Gitaa la ridhim silisikii kabisa, na mimi wimbo huu naujua." Jirani naye alikwisha kumwambia kwa upole, "Mwanangu, ukuta wangu unanguruma."

Kupima kabla ya kununua tena

Bi. H. alikuwa tayari kuiuza sabufa na kununua kitu kingine siku hiyo hiyo. Nilimwomba, "Dada, tusinunue chochote kabla hatujajua chumba kinafanya nini." Vifaa vilikuwa futi kamba na programu ya simu inayotoa toni moja moja.

Tulianza toni kwenye hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, na kuipandisha taratibu. Ilipokaribia hezi 57 kioo cha dirisha kilianza kutetemeka na mvumo ukajaa chumba kizima. Ilipopita hezi 65 mvumo ukapoa, ingawa sauti ya sabufa haikuguswa. Kisha tukairudisha toni kwenye 57, na Bi. H. akasimama, akatembea polepole kutoka mezani hadi katikati ya chumba. Pale katikati mvumo ulikaribia kufa. Akarudi mezani, ukafufuka. Alifanya hivyo mara kadhaa, akitabasamu, kwa sababu sasa alikuwa ameusikia ukweli kwa masikio yake.

Hesabu yake ni fupi. Katika joto la nyuzi 30 sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani mita 6.1, unapata hezi 57. Hapo ndipo wimbi linapotoshea kati ya kuta mbili na kujikuza lenyewe. Chumba hiki ni cha mraba, hivyo kuta za mbele na nyuma na kuta za kulia na kushoto zote huitikia hezi zile zile. Kwenye gitaa la besi waya wa A ukipigwa wazi hutoa hezi 55. Maana yake ni kwamba kila mpiga besi alipogusa A au nusu noti juu yake, chumba cha Bi. H. kilipiga kelele mara mbili kwa wakati mmoja.

Tuliihamisha meza kutoka konani hadi katikati ya ukuta, kabati likahamia nyuma yake. Kazi ya jasho kwa watu wawili, haikugharimu shilingi. Boksi la besi lilitoka kona, likakaa katikati chini ya meza. Mvumo ulipungua sana na jirani akapata usingizi. Lakini ridhim bado ilikuwa imefichwa, na sauti za waimbaji wa kiume zilionekana kutoka magotini.

Machaguo yaliyokuwa mezani

Sasa ndipo ilipofaa kuzungumza juu ya spika mpya. Bajeti ilikuwa laki nne. Tulikubaliana mapema kwamba tunataka mabox mawili tu, yanayofanana, ya kukaa mezani umbali wa sentimita 75 kutoka masikioni.

Rafiki wa familia alikuwa na spika kubwa za zamani zenye wufa (koni ya besi) za inchi 6, pamoja na amplifaya yake, kwa laki tatu. Bei ilivutia, na kwa mtu mwenye sebule ningezifikiria sana. Lakini nilipobonyeza ukingo wa wufa kwa kidole ulimeguka. Ulikuwa wa sponji, na sponji ya aina hiyo huoza yenyewe kwa miaka. Katika joto na unyevu wa pwani yetu huoza haraka zaidi. Ukingo wa mpira hudumu. Kwa anayenunua spika za mtumba Mtwara au Lindi, huo ndio ukaguzi wa kwanza, kabla hata ya kuziwasha.

Mdogo wake alipendekeza spika za studio zenye wufa ya inchi 5, kila moja na amplifaya yake ndani. Ni chombo kizuri, na sikuwa na neno dhidi yake. Shida ilikuwa tatu: bei ilizidi laki saba, tundu la kupumulia besi lilikuwa nyuma, na kina cha boksi, ukiongeza waya na nafasi ya tundu kupumua, kingekula karibu nusu ya meza ya sentimita 60. Bi. H. angeandikia wapi?

Zilikuwapo pia ndogo za inchi 3 kwa laki moja na nusu. Kwa habari na mazungumzo zingetosha. Kwa dansi, ambalo gitaa la besi ndilo linaloongoza mwendo, zingemnyima nusu ya wimbo.

Tulichochagua ni jozi ya inchi 4 yenye amplifaya ndani, wati 20 na kidogo kila upande, tundu la besi likiwa mbele, ukingo wa mpira, vitufe vya besi na trebo (sauti nyembamba za juu), na matundu ya waya mekundu na meupe. Bei: laki tatu na tisini elfu Kariakoo.

Swali la wati lilimsumbua Bi. H. sana. "Ile ilikuwa elfu nane, hii ishirini?" PMPO ni kilele cha kufikirika ambacho hakipimwi kwa kanuni moja, cha kutazama ni wati za RMS, zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo. Spika ya kawaida ya ukubwa huu hutoa kama desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiipa wati 1 na kusimama mita 1. Kwa sentimita 75 unaongeza desibeli mbili na nusu, na spika zikiwa mbili unaongeza nyingine. Kwa hiyo kwa wati 1 tayari uko juu ya kiwango ambacho masikio yanastahili kwa saa nyingi za kazi: Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, si zaidi.

Kujaribu dukani bila kuwapo

Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Aliyekwenda Kariakoo ni mdogo wake mwingine, anayesoma huko, na tulimpa maelekezo kwenye simu. Apeleke flashi yenye nyimbo za dada yake, asikubali wimbo wa muuza duka. Aombe spika ziwekwe juu ya kaunta, akae karibu kama anayesoma kitabu, sauti iwe ya mazungumzo. Aanze na wimbo wa zamani uliorekodiwa kwa mono.

Rekodi nyingi za bendi zetu za enzi ya Radio Tanzania zinasikika kwa mono, na watu huziona ni duni kwa sababu hiyo. Kwa kupima spika ni hazina. Kulia na kushoto hupata kitu kile kile, hivyo mwimbaji lazima asimame katikati kabisa, hewani, mahali ambapo hakuna spika. Akiegemea upande, kuna kasoro mahali.

Kwenye jozi ya kwanza mwimbaji aliegemea kushoto. Kijana akabadilisha waya za kuingizia, kulia kushoto, kushoto kulia. Mwimbaji akabaki kushoto. Kama kosa lingekuwa kwenye chombo kinachopiga muziki au waya lingehama; kwa kuwa halikuhama, lilikuwa kwenye spika zenyewe. Muuzaji alifungua boksi jingine bila ubishi, na la pili likawa sawa. Mzigo ulisafiri ndani ya basi, katika boksi lake la kiwandani.

Kuziweka, na mvumo usiotarajiwa

Seremala alitengeneza vistuli viwili vya mninga vya sentimita 18, uso wake ukiinama nyuma kidogo ili twita (koni ndogo za sauti za juu) zitazame masikio. Chini ya kila spika kulikaa vipande vinne vya soli ya kandambili kuzuia meza isitetemeke nazo. Spika zilisogezwa mbele kidogo ili meza tupu iliyo mbele yake ipungue, kwa sababu meza tupu mbele ya spika huirudisha sauti juu, ikachelewa kidogo na kuichafua ile ya moja kwa moja. Umbali kati ya spika na spika ukawa sawa na umbali wa kila spika hadi kichwani.

Wimbo wa kwanza, huu wa stereo, ulipoanza Bi. H. hakusema kitu. Solo ilikuwa kushoto kidogo, matarumbeta nyuma, na ridhim, ile aliyoilalamikia, ilikuwa peke yake ikitembea chini ya mwimbaji. Akaurudisha wimbo mwanzo.

Kisha kompyuta ikaishiwa chaji. Alipochomeka chaja, spika zilianza kuvuma mvumo mwembamba wa umeme, akichomoa, unakoma. Chaja na spika zote zilikuwa na pini tatu, zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti, na waya wa sauti ulikuwa umeunganisha waya zao za ardhi (earth) na kufunga duara. Mdogo wake alitaka kuikata pini ya ardhi ya spika. Nililikataa hilo waziwazi, na ninalikataa hapa: pini hiyo ndiyo inayokuokoa chombo kikipata hitilafu, hasa kwenye sakafu ya vigae na miguu mitupu. Kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja kulipunguza mvumo; kitenganishi kidogo chenye transfoma, kilichowekwa kwenye waya wa sauti, kiliumaliza.

Uchambuzi

Uamuzi uliozaa zaidi ulikuwa kuhamisha meza, na ningependa anayesoma hapa aamini hivyo hata kama ana milioni mbili mfukoni. Meza ikiwa konani, kuta mbili za upande mmoja na mbili za upande mwingine zilichochewa pamoja. Ilipokaa katikati ya ukuta, spika zikawa kwenye umbali sawa kutoka kuta za kulia na kushoto. Besi inayofanana katika spika zote mbili hulisukuma wimbi la kulia-kushoto kwa njia mbili zinazopingana, nalo halijengeki; na msikilizaji mwenyewe amekaa pale pale wimbi hilo linapokufa. Nusu ya tatizo iliondoka kwa kusukuma fanicha. Hakuna spika ya bei yoyote ambayo ingelifanya hilo ikiwa konani.

Kukaa karibu ndiko kulikorudisha ridhim. Kila ukipunguza umbali nusu, sauti inayokujia moja kwa moja huongezeka kama desibeli 6, ilhali mwangwi wa kuta unabaki karibu ulivyo. Kwa hiyo, kwa magitaa na sauti za watu, chumba kibaya hukusumbua kidogo ukiwa sentimita 75. Kwa besi haiko hivyo. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6. Halijali uko wapi mezani. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili na kudhani spika za mezani zinaondoa chumba. Zinaondoa nusu yake ya juu.

Sabufa ile haikuwa mbovu. Spika zake ndogo zilikuwa ndogo mno, ikabidi boksi la chini libebe sauti hadi juu ya hezi 150, mahali ambapo sikio linatambua kwa urahisi sauti inatoka wapi, na ambapo sauti ya mwanamume tayari imo. Ndiyo maana waimbaji walitoka magotini. Na besi nzito hufunika sauti zilizo juu yake, ndiyo maana ridhim ilipotea. Mdogo wake aliichukua kwa laki moja na themanini, akaifunga kwenye banda la kuonyesha mpira, na huko inafanya kazi iliyotengenezewa.

Je, inchi 4 inatosha kwa dansi? Bi. H. aliniuliza, na jibu lina historia yake. Miaka ya 1970 wahandisi wa BBC, Uingereza, walihitaji spika ya kupimia sauti ndani ya magari ya matangazo, mahali pasipo nafasi. Wakatengeneza LS3/5A, boksi lililofungwa pande zote, refu sentimita 30 tu, wufa yake inchi 5. Haikushuka chini sana, ila sehemu ya juu ya besi iliinuliwa kidogo, na sikio likaridhika. Sikio letu lina uwezo huo: likipata hezi 110 na 165 kwa usafi, hujaza lenyewe hezi 55 zilizopungua. Jozi ya Bi. H. inaishia chini karibu na hezi 60, na karibu na ukuta hupata nguvu ya ziada. Kwa meza, katika chumba hiki, kupungua huko kuna faida: wufa kubwa ingeshuka hadi pale pale chumba kinaponguruma.

Kilichoshindikana kwanza ni kuta. Bi. H. alitundika pazia zito na vitenge nyuma ya kiti chake, na baadaye vipande vya godoro la sponji la inchi 4 kwenye kuta za pembeni, usawa wa masikio. Sponji ilisaidia: mlio wa kofi ulipungua na sauti za kwaya zikawa safi. Vitenge havikufanya lolote la maana. Kitambaa chepesi hunywa trebo tu. Na hakuna hata kimoja kilichogusa hezi 57, kwa sababu kuinywa besi hiyo kunataka unene ambao chumba cha futi 10 hakiwezi kuumudu.

Wimbi la mbele-nyuma bado lipo. Meza iko ukutani, Bi. H. anakaa karibu nayo, na kusogea katikati ya chumba kungemwacha bila pa kupita. Tulilipunguza kwa programu ya bure ya Equalizer APO kwenye kompyuta yenye Windows: kichujio kimoja chembamba, hezi 57, desibeli 5 chini. Sikupandisha kitu popote, maana kupandisha besi kwenye wufa ya inchi 4 ni kuichosha bure. Matokeo ni mazuri kwa kompyuta. Akipiga muziki kutoka kwenye simu kichujio hakipo na noti ya A hurudi kuvimba, hivyo hapo hukirudisha nyuma kitufe cha besi hatua moja.